Nane si tasa, tisa si tasa, lakini 8 na 9 ni tasa: maelezo ya fundi baiskeli

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ifakara. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo binti yangu wa darasa la sita akija kijiweni na daftari la hisabati, huwa najifanya nimebanwa na kazi. Siku hiyo alinikuta sina pa kujifichia. Kulikuwa na gurudumu moja tu, nalo nilishalimaliza.

"Baba, mwalimu kasema 8 na 9 ni tasa. Mbona 8 inagawanyika kwa 2? Na 9 si inagawanyika kwa 3?"

Mwalimu hakukosea, na mtoto naye hakukosea. Kinachopotosha ni neno lenyewe. Namba tasa tuliyoizoea ni ile yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Hiyo ni sifa ya namba moja ikiwa peke yake, kama ulivyo urefu wa mtu. Mwalimu alikuwa anasema habari ya jozi, na habari ya jozi ni kama ushemeji. Hakuna mtu anayekuwa shemeji akiwa peke yake chumbani. Lazima awepo wa kumwita hivyo. Na mimi naweza kuwa shemeji yako nisiwe shemeji wa jirani yako. Ndivyo ilivyo 8: ni tasa ikiwa na 9, ila ikikaa na 10 si tasa tena, kwa sababu 8 na 10 zote zinagawanyika kwa 2.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tunasema "tasa zenyewe kwa zenyewe". Ni maneno marefu, lakini hayamchanganyi mtoto.

Kuzitambua kwa njia ya kawaida, andika vigawo vya kila namba. Vya 8 ni 1, 2, 4, 8. Vya 9 ni 1, 3, 9. Tafuta vinavyoonekana pande zote mbili: ni 1 peke yake. Basi Kigawo Kikubwa cha Shirika, ile KKS ya shuleni, ni 1, na hiyo ndiyo maana nzima ya jambo hili. KKS ikiwa 1, namba hizo ni tasa zenyewe kwa zenyewe. Ikizidi 1, hata kama ni 2 tu, si tasa.

Lakini usikimbilie kuandika orodha. Zitazame kwanza. Zote mbili zikiwa shufwa, umemaliza, haziwezi. Moja ikiwa 1, umemaliza pia, maana 1 inaelewana na kila namba. Moja ikiwa namba tasa ya kawaida, swali linabaki moja tu: je, ile nyingine ni kigawe chake? Chukua 19 na 110. Mara tano ya 19 ni 95, mara sita ni 114, tumeiruka 110. Basi, tasa. Ila 7 na 21 zitakunasa usipokuwa makini: unaiona 7 ni tasa, unaandika ndiyo, kumbe 21 ni 7 mara tatu.

Halafu kuna namba zinazofuatana: 8 na 9, 14 na 15, 99 na 100. Hizo siku zote ni tasa zenyewe kwa zenyewe, na sababu yake inafaa kushikwa vizuri kwa kuwa ndiyo ufunguo wa mengine yote. Namba ikizigawa namba mbili bila baki, lazima iigawe na tofauti yake. Nikipima kamba mbili kwa kijiti kimoja, na kijiti kikaenea sawasawa kwenye kila kamba, basi hata kile kipande ambacho kamba ndefu imezidi kitaenea kijiti hichohicho. Sasa tofauti ya 8 na 9 ni 1, na kinachoigawa 1 ni 1 tu. Kwa hoja hiyohiyo, witiri mbili zinazofuatana kama 33 na 35 nazo ni tasa. Tofauti yake ni 2, na 2 haiigawi witiri.

Kwenye namba kubwa ndipo watoto wanapokata tamaa. Nilimpa binti yangu 391 na 299. Alizigeuza, akajaribu 2, 3, 5, 7, akasema hazina undugu. Hata mimi kwa macho ningesema hivyo. Tukatumia ile kanuni ya tofauti. Inajulikana kwa jina la Euclid, mtu wa Aleksandria, Misri, aliyeishi yapata mwaka 300 KK. Gawa kubwa kwa ndogo, chukua baki. Kisha ile ndogo uigawe kwa baki, na uendelee hivyo hadi baki liwe sifuri.

391 kwa 299 ni mara moja, baki 92.
299 kwa 92 ni mara tatu, baki 23.
92 kwa 23 ni mara nne, baki 0.

Baki la mwisho kabla ya sifuri ni 23, na hiyo ndiyo KKS. Kumbe ni ndugu kabisa: 391 ni 23 mara 17, na 299 ni 23 mara 13. Sehemu ya 299/391 iliyoonekana haipunguziki inakuwa 13/17. Hapo ndipo unajua umefika mwisho wa kurahisisha sehemu, pale ya juu na ya chini zinapokuwa tasa zenyewe kwa zenyewe.

Jaribu na 48 na 35: baki 13, kisha 9, kisha 4, kisha 1. Ukiona baki 1, weka kalamu chini. Ni tasa.

Sasa nije kwenye baiskeli, maana huko ndiko nilikoyaelewa haya mimi mwenyewe, tena kwa aibu.

Mzee mmoja wa mpunga alileta baiskeli yake inagonga. Ukipiga pedeli inakwenda kimya, kisha "ka!", kimya tena, kisha "ka!". Gia ya mbele ilikuwa na meno 48, ya nyuma 18, na cheni ilikuwa na pingili 112. Nikaona cheni imelegea, nikaikata pingili mbili. Kwa wasiojua, huwezi kukata moja, kwa sababu pingili pana na nyembamba hupokezana, kwa hiyo idadi yake huwa shufwa. Nikazungusha pedeli mara ishirini hivi, kimya. Nikapokea hela yangu.

Kesho yake mzee karudi. "Fundi, sasa inagonga nikiwa nimeshaisahau."

Jioni nikakaa na binti yangu na chaki. Kulikuwa na jino moja la mbele lililopinda kidogo, na pingili moja iliyokuwa ngumu kukunjika. Kila moja peke yake haikuleta kelele. Kelele ilitoka zilipokutana. Je, zinakutana kila baada ya meno mangapi? Ni KDS ya 48 na pingili za cheni. Hicho ni Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili, na unakipata kwa kuzidisha namba mbili kisha kugawa kwa KKS. Kwa cheni ya 112, KKS ni 16, KDS ni 336, na 336 ni mizunguko 7 ya pedeli. Meno 336 yakipita kwenye gia ya nyuma ya meno 18, gurudumu linazunguka karibu mara 19. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa kama mita 2.2, kwa hiyo alikuwa anasikia "ka!" kila mita arobaini hivi. Nilipokata cheni ikawa 110. KKS ikashuka hadi 2, KDS ikapanda hadi 2,640, mizunguko 55 ya pedeli. Mita 320 za ukimya, kisha "ka!". Mimi nilizungusha ishirini nikadhani nimetibu.

Nikalainisha ile pingili kwa mafuta na koleo, nikapiga tupa lile jino, na safari hii sikupokea hela.

Angalia kilichotokea hapo. KKS ilipokuwa 16, kila pingili ilikuwa inarudi kwenye meno 3 tu kati ya 48, yaleyale siku zote. Kama jino bovu halikuwa miongoni mwa hayo matatu, pingili ile isingeligusa hata uendeshe mpaka Morogoro. Kadiri KKS inavyopungua, ndivyo kila pingili inavyozungukia meno mengi zaidi. Ikifika 1, kila moja inakutana na kila jingine. Ndiyo maana kwenye gia zinazosagana meno kwa meno, watengenezaji wa mashine hupenda idadi zilizo tasa zenyewe kwa zenyewe, ili jino moja lisiumizwe na lilelile kila siku, na kulika kuwe sawa.

Unaweza kulifanya hili nyumbani. Pindua baiskeli, matairi juu. Hesabu meno ya mbele na ya nyuma. Tia chaki jino moja la juu kabisa kwenye kila gia, kisha zungusha pedeli polepole ukihesabu. Usitie alama kwenye tairi, kwa sababu gurudumu huendelea kuzunguka lenyewe ukiacha pedeli, hesabu ikaharibika. Tia kwenye gia yenyewe. Kwa 48 na 18, alama zote mbili zitarudi juu pamoja baada ya mizunguko 3 tu ya mbele, ambayo ni 8 ya nyuma. Kwa 46 na 19 utazungusha mara 19 kamili, gia ya nyuma iende mara 46, hakuna njia ya mkato, kwa sababu hizo ni tasa.

Binti yangu alimaliza zoezi lile akaniwekea mtego wake: "Baba, 6, 10 na 15 je?" Zote tatu kwa pamoja hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Lakini 6 na 10 zina 2, 10 na 15 zina 5, 6 na 15 zina 3. Nilimwambia aandike yote mawili, kwamba kwa pamoja KKS ni 1, na kwamba hakuna jozi hata moja iliyo tasa, kisha amuulize mwalimu swali lilikuwa linataka lipi. Nikarudi kwenye gurudumu langu.