Kufundisha insha kwa andiko la njama: mfano wa chanjo ya pepopunda, Kenya 2014

Tenga vipindi viwili vya dakika 90 kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasiozidi 30. Watatoka na insha ya maneno 600 inayoeleza andiko la njama, yaani linalodai kuna mpango wa siri, linamshawishi vipi msomaji. Anayeishia kuthibitisha kwamba ni uongo hajajibu swali.

1. Matini. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai chanjo ya pepopunda, iliyolenga wanawake wa miaka 14 hadi 49, ina hCG, homoni ya ujauzito, iliyotiwa ili kuzuia uzazi. WHO na UNICEF walikanusha. Chagua dondoo la maneno 300 linaloeneza dai hilo, ulichape. Usilirushe kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Jioni litakuwa limesambaa bila maelezo yako.

2. Rangi tatu, dakika 25, wawili wawili. Kijani ni jambo linalothibitika, nyekundu ni dai, bluu ni maneno yanayoviunganisha. Kijani huwa nyingi, na hapo ndipo darasa huguna. Ni kweli walengwa walikuwa wanawake. Ni kweli pia watafiti waliwahi kuunganisha hCG na toksoidi ya pepopunda (sumu ya ugonjwa huo iliyoondolewa makali, ambayo hutumika kwenye chanjo) wakitafuta chanjo ya kuzuia mimba. Andiko la njama lisilo na ukweli ndani yake halifiki mbali.

3. Bluu. Usiharakishe hapa. "Kwa nini wanawake tu?" ni swali la balagha, ingawa jibu lipo: pepopunda humwingia mtoto mchanga kupitia kitovu, na kingamwili za mama aliyechanjwa humfikia angali tumboni. Mwandishi haulizi ili ajibiwe. Anamwachia msomaji pengo alijaze kwa hofu yake. Waambie wageuze kila swali kuwa sentensi ya kauli: "Wamechaguliwa wanawake ili wafungwe uzazi." Kauli hudai ushahidi, swali halidai. Sasa watafute ushahidi huo kwenye kijani.

4. Aya ya kwanza, maneno 120. Itaje mbinu, inukuu maneno yasiyozidi 15, kisha ieleze kwa nini hadhira ile iliguswa.

Kosa sugu ni kejeli: "watu wajinga waliamini." Ikate, uandike pembeni: *nani alisema?* Kanisa lenye hospitali na zahanati zake huaminiwa kwa sababu za msingi, na insha isiyoligusa hilo haijachambua hadhira.

Akitokea anayeliamini dai, usibishane naye mbele ya wenzake. Mpe kalamu ya bluu.