Nyanya Iliyojiotea Jaani: Usiing'oe Haraka, Usiiamini Haraka

Vuli ikishaanza kunyesha, ni nyumba chache za Mwanza zinazokosa mche wa nyanya ambao hakuna aliyeupanda. Unaukuta jaani, au pale yanapomwagwa maji ya vyombo, au umejibana katikati ya mawe kule Bugarika. Wengi huung'oa pamoja na magugu. Wengine huuacha, wanachuma, msimu ukiisha wanausahau. Mimi nashauri uuchukulie kama mwombaji wa kazi aliyekuja bila kuitwa: mpokee, lakini usimwajiri kabla hujamfanyisha majaribio.

Kwanza uliza umetoka wapi. Ua la nyanya lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, na mara nyingi hujichavusha lenyewe. Ndiyo maana mbegu za kawaida kama Tanya, iliyotolewa hapa nchini mwaka 1997 sambamba na Tengeru 97, huzaa watoto wanaofanana na mama. Kama nyanya uliyonunua fungu pale Igoma ilikuwa Tanya, mche wa jaani nao ni Tanya, huna jipya.

Mbegu chotara ni habari nyingine. Pakiti iliyoandikwa F1, iwe Assila, Anna au nyingineyo, ina watoto wa kizazi cha kwanza wa wazazi wawili tofauti. Watoto hao hulingana. Wajukuu, yaani mbegu zilizo ndani ya tunda unalokatia kachumbari, hutawanyika: huyu mrefu, yule mfupi, huyu anazaa mviringo, yule anazaa umbo la yai, mmoja anastahimili ugonjwa na nduguye anakufa nao. Sisi maafisa ugani tunawakataza wakulima kurudia mbegu za F1, na kwa anayelima ekari nzima kupeleka sokoni katazo hilo ni sahihi kabisa. Mwenye ndoo kumi za kupandia na tuta moja nyuma ya jiko hesabu yake ni tofauti. Kutawanyika kule ndiko kunakompa cha kuchagua.

Ipo miche ya kung'oa bila huruma. Mche wenye majani yaliyojikunja na kudumaa, ule ugonjwa wakulima wanaouita rasta, unabeba virusi vinavyosambazwa na nzi weupe. Ukiuacha unawalisha majirani zake. Wenye batobato, yaani majani ya mabaka ya kijani na njano, nao uondoke. Uliojiotea pale pale ulipolima nyanya msimu uliopita usiulee hapo, maana magonjwa ya udongo yanausubiri. Na uliotoka kwenye mfereji wa maji taka uache huko huko. Mbegu ya nyanya hupita tumboni mwa mtu ikatoka salama, kwa hiyo usijiulize sana ilifikaje.

Inayobaki, ihamishe jioni ikiwa na majani manne au matano halisi, uipe nafasi ya nusu mita. Baada ya hapo usiidekeze. Hili ndilo gumu kueleweka, kwa sababu mtu akiupenda mche anataka kuupulizia dawa kila wiki. Ukifanya hivyo utakuwa umechagua dawa. Maji na samadi mpe, halafu mwache apambane.

Chagua mmea, usichague tunda. Tunda moja kubwa linaweza kutokea kwenye mche dhaifu uliobahatika kupata mbolea. Tazama mmea mzima: umebeba matunda mangapi, majani ya chini yamebaki kijani hadi lini, matunda yamepasuka mvua ilipokuja ghafla au yamevumilia. Matunda yaliyooza kitako si sababu ya kuukataa mche mara moja, kwani mara nyingi hilo hutokana na maji ya leo yapo kesho hayapo, na kalsiamu inashindwa kufika kwenye tunda.

Kwetu kando ya ziwa majaribio ni mawili. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta bakajani, yaani mabaka yanayokausha majani, na mnyauko wa bakteria. Kiangazi, Juni hadi Septemba, huleta nzi weupe na kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini miaka ya 2010 na kumaliza mashamba ya watu. Mche uliofaulu kiangazi tu ni nusu ya jibu. Pia mmoja kupona wenzake wakifa si ushahidi. Huenda ulikuwa upenuni, majani hayakulowa. Panda watoto wake kumi au zaidi sehemu nyingine ya kiwanja ndipo utajua kama uvumilivu uko kwenye damu au ilikuwa bahati.

Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, kata kipande cha shina karibu na udongo, kishikilie kwenye glasi ya maji masafi bila kukitikisa. Dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko wa bakteria. Usichukue mbegu hapo, na usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo katika udongo ule kwa misimu kadhaa.

Na jambo ambalo wengi hawalifanyi: kabla hujaidhinisha mbegu za mche uliokupendeza, ung'oe mavuno yakiisha uangalie mizizi. Kwenye udongo wetu wa kichanga, huu Wasukuma wanaouita luseni, minyoo fundo hustawi sana. Mizizi ikiwa na uvimbe kama shanga, mche ule ulizaa vizuri kwa jasho. Nduguye mwenye mizizi safi, hata akiwa amezaa pungufu kidogo, mpe nafasi.

Ukitaka kuwakutanisha mwenyewe

Kungoja jaa likuletee ni njia moja. Njia ya pili ni kuchagua wazazi. Marglobe, nyanya ya zamani inayojulikana sana, ilitokana na kukutanisha Marvel na Globe huko Marekani, ikatolewa mwaka 1925. Kazi yenyewe haihitaji maabara. Inahitaji kibanio cha nyusi, macho mazuri na asubuhi tulivu.

Kwenye mmea mama tafuta ua ambalo halijafunguka, petali zake zikiwa zimeanza kugeuka njano lakini bado zimefumba. Likishafunguka umechelewa, limeshajichavusha. Fungua petali taratibu. Ndani utaona koni ya njano iliyozunguka kijiti chembamba cha kijani. Koni ndiyo dume. Ichomoe vipande vipande mpaka kijiti kibaki peke yake, na usikivunje. Sasa chukua ua lililofunguka vizuri la mmea baba, uligonge-gonge juu ya ukucha wa kidole gumba au kioo kidogo. Vumbi jeupe litakaloanguka ndiyo chavua. Gusisha ncha ya kijiti kwenye vumbi hilo. Rudia kesho yake.

Kisha kata kwa mkasi ncha za vile vijani vidogo vya kijani vilivyo chini ya ua. Uzi wa alama uliofungwa kwenye ua unaweza kukatika au mtoto akauchomoa, lakini tunda litakapoiva bado litakuwa na kikonyo chenye vijani vilivyokatwa, na utalitambua kati ya hamsini. Litaiva baada ya wiki sita hadi nane hivi.

Watu wengi wa huku wanapenda kukutanisha Tanya na vile vinyanya vidogo vya kienyeji vinavyoota bila matunzo, wakitaka ugumu wa ngozi ya huyu na uvumilivu wa yule. Wazo zuri, ila jiandae: kizazi cha kwanza kitatoa matunda yanayoelekea zaidi kwa mzazi mdogo, na hapo wengi hukata tamaa na kutupa. Usitupe. Chukua mbegu zake, panda miche thelathini au zaidi ya kizazi cha pili, ndipo wakubwa wachache watajitokeza. Ndoo zikiwa hazitoshi, gawa miche kwa majirani wa kikundi chenu kwa sharti la kurudishiwa tunda la mche bora. Hata wenzetu wa nje hufanya hivyo. Craig LeHoullier wa Marekani na Patrina Nuske-Small wa Australia waliwaunganisha wapenda bustani wa nchi zao kutafuta nyanya fupi zenye ladha, na kwa kazi hiyo ya nyumbani zimepatikana aina zaidi ya 100. Wao walitegemea kupishana kwa majira ya pande mbili za dunia ili wapate vizazi viwili kwa mwaka. Sisi hatuna baridi ya kutuzuia. Kutoka kitalu hadi mbegu mpya ni kama miezi minne, na vizazi viwili vinapatikana pale pale uani.

Subira inayotakiwa ni ya vizazi sita hivi. Pale wazazi walipotofautiana, kizazi cha pili nusu yake bado ni mchanganyiko, cha tatu robo, cha nne asilimia 12.5, na cha sita asilimia 3 tu. Kila kizazi chagua tena mche bora. Maua unayotegemea kwa mbegu yafunike kwa kipande cha pazia jepesi, maana nyuki mara moja moja huleta chavua ya jirani.

Mbegu zikamue kwenye kikombe na maji yake, ziache siku mbili au tatu zichachuke mpaka utelezi utoke, osha, anika kivulini juu ya sahani. Si juu ya gazeti, zitaganda. Hewa ya ziwani ina unyevu, kwa hiyo chupa ifungwe kabisa na iandikwe jina la mama, kizazi na mwezi.

Kula na kuuza nyanya zako hakuna atakayekuuliza. Kuuza mbegu ni jambo lingine: Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka zipite kwanza TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, hata kama mtaa mzima unazisifia. Ukiona umefika hapo, mwone afisa ugani wa kata yako, au nenda kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru kule Misungwi, ambako zilitokea aina za pamba zinazoitwa UK, kifupi cha Ukiriguru. Beba daftari pamoja na mbegu za vizazi viwili vya mwisho, kwa sababu swali la kwanza litakuwa mama ni nani, na la pili ni watoto wake wangapi walikufa.