Zima Sauti Kwanza: Kuwaonyesha Watoto Wahusika Wasio Binadamu

Waulize watoto wa mtaa wetu wa Manyatta ni mhusika gani wa filamu wanampenda kati ya wale wasio binadamu. Watapiga kelele "Simba!" kwa pamoja, na mazungumzo yataishia hapo. Wametaja jina wanalolijua wote, la yule simba wa filamu ya katuni The Lion King. Ukitaka mtoto ajue kwa nini anampenda mhusika, mwonyeshe kazi iliyofanyika kwenye mwili wake: macho, masikio, mgongo, hatua. Hivyo ndivyo nifanyavyo Jumamosi hapa Kisumu, na ninakuandikia ili nawe uanzishe kwenu, uwe Kakamega, Busia au Nakuru.

Vifaa ni vichache: projekta ya kuazima, laptopu, spika moja na shuka jeupe lisilo na maua. Livute shuka pembe zote nne, la sivyo upepo ukipita uso wa mhusika unakunjamana na watoto wanacheka pasipo pa kucheka. Ukumbi wa mabati una matundu, kwa hiyo ziba madirisha kwa magunia na uanze saa kumi, jua likiwa limepungua makali na watoto wakiwa na muda wa kufika nyumbani kabla ya giza. Chaji laptopu tangu asubuhi, maana stima haipigi hodi ikiondoka. Angalia pia alama ya KFCB, bodi ya Kenya inayopanga filamu kwa umri wa watazamaji: GE ni ya watu wote, PG inahitaji mzazi karibu. Hata ikiwa GE, itazame yote peke yako kwanza.

Usionyeshe filamu nzima. Tafuta kipande cha dakika tano ambacho mhusika hasemi neno, kisha uzime sauti. Kwa kazi hii sijaona filamu inayoishinda WALL-E ya mwaka 2008. Roboti yule kazi yake ni kukusanya taka, jambo ambalo watoto wetu wanalielewa bila kuelezwa. Hana mdomo, hana nyusi. Ana macho mawili tu, na mwongozaji wake, Andrew Stanton, aliyapata kwenye darubini aliyoazima akitazama mechi ya besiboli: aliikunja huku na huku mpaka akaiona ikihuzunika na kufurahi.

Kuna mahali roboti huyu anapanga vitu alivyookota. Vijiko vina pao, uma zina pao. Anashika kitu ambacho nusu ni kijiko, nusu ni uma. Anakipeleka kwa vijiko, anasita, anakipeleka kwa uma, anasita tena, halafu anakiweka katikati. Simamisha picha hapo. Usiulize "mmeonaje?" kwa sababu utajibiwa "poa" na basi. Uliza: "Anawaza nini? Umejuaje?" Lile la pili ndilo swali lenyewe. Mtoto mmoja wa gredi ya nne alinijibu, "Ticha, kichwa kimeenda huku kikarudi huku, halafu mkono umengoja." Mkono umengoja! Wapo watu wazima wanaoandika kuhusu filamu na hawajawahi kuona mkono ukingoja. Ukipata jibu la namna hiyo, rudisha kipande nyuma ili wote waone alichoona mwenzao.

Sasa washa sauti, urudie kipande kilekile. Waambie kwamba Ben Burtt, aliyetengeneza sauti za roboti huyu, ndiye pia aliyempa R2-D2, roboti wa filamu ya Star Wars, milio yake mwaka 1977, na kwamba ngurumo ya yule dinosau mkubwa wa filamu ya Jurassic Park, mwaka 1993, ilichanganywa kutokana na ndama wa tembo, chui milia na mamba. Kisha wape bati, chupa tupu na ufagio, uzime sauti tena, nao wamtengenezee roboti sauti yao. Kutakuwa na kelele. Waache.

Wiki inayofuata watoke nje. Wachoraji wa The Lion King ya 1994 walikuja Kenya kabla ya kuchora, wakatembea kwenye mbuga ya Hell's Gate kule Naivasha, na studioni waliletewa simba hai wawatazame. Ninyi wa Nakuru mna magenge yale ya mawe karibu kwenu, wapelekeni watoto. Sisi tuna Impala Sanctuary, hifadhi ya wanyama kando ya ziwa, na nauli ikikosekana tuna korongo mfukoshingo kwenye jaa la taka. Mtoto amfuate kwa macho ndege mmoja tu mpaka aweze kumwigiza: shingo inatangulia au mguu? Anapotua, mabawa anayafunga lini? Usikubali "anatembea polepole" kuwa jibu.

Mwalike na mzee. Dani mmoja, yaani bibi kwa Kijaluo, alituelezea habari za Omieri, chatu wa Nyakach aliyeungua kwenye moto wa nyasi mwaka 1987, ambaye watu waliamini kuja kwake kunaleta mvua na mavuno. Watoto waliokuwa wakinong'ona walinyamaza kabisa. Omieri hakuwahi kusema neno, na dani alipofikia pale alipojikunja, mkono wake mwenyewe ulijikunja. Mwambie mapema asimulie kwa mikono, naye atakuelewa.

Ndipo watengeneze mhusika wao. Waonyeshe kwanza King Kong wa 1933, kipande kifupi, na kwa wakubwa tu maana wadogo wataogopa. Sokwe yule anayejaza skrini alikuwa kinyago cha sentimita 45 hivi, chenye mifupa ya chuma na manyoya ya sungura. Willis O'Brien na wenzake walikisogeza kidogo, wakapiga picha, wakakisogeza tena. Tazama manyoya: yanachezacheza bila upepo, kwa sababu ni vidole vyao vilivyoyagusa kati ya picha na picha. Mimi hupenda sana wakati watoto wanapoligundua hilo, wakaanza kuwatafuta watu wasioonekana ndani ya picha.

Kwao tumia udongo wa mfinyanzi na simu moja iliyofungwa kwenye kiti isitikisike. Mhusika asizidi urefu wa kiganja, awe na miguu minene, la sivyo ataanguka. Asipewe mdomo. Filamu huonyeshwa kwa picha 24 kila sekunde, lakini nyinyi picha 12 zinawatosha, kwa hiyo sekunde 10 ni picha 120. Wagawe zamu: mmoja anasogeza, mmoja anapiga picha, mmoja anahesabu kwa sauti. Pazia lisifunguliwe katikati ya kazi, kwa maana mwanga ukibadilika picha itapepesa. Programu za bure za kuunganisha picha zipo kwenye simu. Ikiisha, ionyesheni kwenye shuka, na maswali ni yaleyale mawili.