Jinsi ya kusoma mswada wa Kiarabu wa karne za kati: anzia mwisho wa kitabu

Wengi wakifungua picha za mswada wa zamani mtandaoni, tuseme kitabu kilichonakiliwa Baghdad au Damascus miaka 800 iliyopita, wanaanza ukurasa wa kwanza mstari wa kwanza, wanakwama neno la tatu, wanafunga. Nawaelewa kabisa, ila hapo sio pa kuanzia. Ukitaka kitabu kikwambie kimetoka wapi na kimepita mikononi mwa nani, nenda kwanza mwisho, alafu pembeni, alafu ndo urudi kwenye maneno yenyewe. Unachohitaji ni kuzijua herufi za Kiarabu tu, kama ulisoma Kurani utotoni basi unatosha, sarufi itakuja polepole.

Kitabu kinafunguka kulia kwenda kushoto, kwaiyo hakikisha picha zimepangwa hivyo kisha ruka hadi ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Mara nyingi utaona mistari inazidi kuwa mifupi hadi inafanya pembetatu yenye ncha chini. Hapo mwandishi anaacha kunakili ya watu na kusema ya kwake, anataja jina lake, tarehe aliyomaliza, pengine na mji, na anaomba dua. Tafuta neno "katabahu", yani ameiandika fulani, limetoka shina moja na kitabu na katibu, alafu tafuta "sana", maana yake mwaka.

Mwaka unaandikwa kwa maneno na unaanza na tarakimu ndogo. Hapa msemaji wa Kiswahili yuko mbele ya wanafunzi wengi sana, maana ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini na mia zote zilitoka huko huko! Ukiona "arba' wa thalathin wa sittimi'a" unasoma nne na thelathini na mia sita, yani 634 ya Hijria, kalenda ya Kiislamu, na ndo mwaka al-Wasiti alipomaliza kuiandika na kuichora nakala yake maarufu ya Maqamat ya al-Hariri, kitabu cha visa, ambayo leo iko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa jijini Paris. Kuubadili uwe mwaka wa kalenda yetu ya kawaida, zidisha kwa 0.97 ujumlishe 622, unapata 1237. Hesabu hii inaweza kukosea mwaka mmoja, lakini kwa kuanzia inatosha.

Kuna mtego mmoja uujue mapema. Waandishi wengi walikuwa hawaweki nukta zote, na bila nukta saba na tisa kwa Kiarabu zinafanana kabisa, meno manne yale yale kisha ayn, na sabini na tisini hivyo hivyo. Niliwahi kukaa na tarehe nzima nikiwa nimekosea miaka 20 kwa sababu hiyo. Dawa yake ni siku ya wiki, mwandishi akisema amemaliza Jumatatu tarehe fulani piga hesabu ya miaka yote miwili uone ipi inaangukia Jumatatu au karibu yake. Na kumbuka siku yao inaanza magharibi, kwaiyo "laylat al-jum'a" ni usiku wa kuamkia Ijumaa, sio Ijumaa usiku. Jingine, mwandishi anaweza kuwa alinakili na tarehe ya kitabu alichokuwa ananakili kutoka kwake, kwaiyo usitosheke na tarehe ya kwanza, endelea chini kidogo uone kama kuna ya pili.

Sasa nenda pembeni, na hapa usiwe na haraka. Ukiona neno limeandikwa pembeni na juu yake "sahh", ni hiyo hiyo sahihi yetu, yani neno liliruka wakati wa kunakili na hapa limerudishwa, na ndani ya mstari utakuta kijistari kilichopinda kinaonyesha lilipotakiwa kukaa. Ukiona "balagha", imefika, ujue watu walikaa na nakala mbili wakazilinganisha wakafika hapo. Kwenye vitabu vya hadithi, yani maneno na matendo ya Mtume, angalia viduara mwisho wa kila hadithi, kiduara kikiwa na nukta ndani maana yake hadithi hiyo imeshalinganishwa, kikiwa kitupu bado. Huo ndo uhariri wao, na unauona kwa macho.

Kitu kinachonigusa kuliko vyote ni samaa. Hii ni orodha inayoandikwa mwisho wa kitabu au kwenye kurasa tupu, inasema kitabu hiki kilisomwa kwa sauti mbele ya sheikh fulani, msomaji alikuwa fulani, waliosikia ni hawa, mahali fulani, tarehe fulani. Damascus ya karne ya 12 na 13 imeacha nyingi mno. Ndani yake unakuta wanazuoni wakubwa wamekaa na mafundi wa sokoni, baba na wanawe, wanawake, watumwa. Aliyekosa sehemu anatajwa amekosa sehemu gani! Mtoto wa chini ya miaka mitano kwa desturi anaandikwa "hadara", alihudhuria, wa mitano kwenda juu anaandikwa "sami'a", alisikia. Na sio kwamba wanawake walikuwa wasikilizaji tu, Shuhda wa Baghdad, aliyefariki 1178 na kuitwa al-Katiba kwa uzuri wa mwandiko wake, alisomewa hadithi na wanaume wengi, na Zaynab bint al-Kamal wa Damascus, aliyefariki 1339, vilevile.

Pitia pia neno "waqf", wakfu. Likiwepo, kitabu kilitolewa kwa ajili ya msikiti au madrasa na hakiruhusiwi kuuzwa, na mara nyingi linarudiwa kurasa kadhaa ili mwizi asiweze kulifuta lote.

Baada ya hapo ndo rudi mwanzo. Usijaribu kusoma, chukua karatasi unakili basmala, yani Bismillahi Rahmani Rahim, kama mwandishi huyo alivyoiandika, jino kwa jino, maana unajua inasema nini hata kama hati imekushinda. Ndani yake kuna herufi 10 tofauti. Inayofuata mara nyingi ni salawati, yani kumsalia Mtume, ongeza sad, ayn, dal na wau, tayari una 14, nusu ya herufi zote 28, kwa mkono wa mtu yule yule. Kama kitabu ni cha Morocco au Andalusia angalia nukta, fa yao ina nukta moja chini na qaf nukta moja juu, ukisahau hilo kila qaf utaisoma fa.

Ukiwa na hizo herufi rudi kwenye samaa. Mkono utakuwa mwingine na wa haraka zaidi, lakini tafuta tu "bint", ba na nun unazo, na ta ni umbo lile lile la ba. Ukilipata, neno la kabla yake ndo jina la mwanamke aliyekaa kwenye darasa lile.