Kutafuta Chanzo cha Hitilafu katika Mazingira ya Kuandikia Programu kwenye Linux

Jioni moja, pale Wandegeya, Kampala, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniletea kompyuta mpakato yake akiwa amekwisha kuiondoa Python, lugha ya programu, na kuisakinisha upya mara tatu, na bando lake la data likiwa limemalizikia katika kazi hiyo. Kila alipojaribu kupakua maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine), alijibiwa kwamba cheti cha usalama cha seva hakijaanza kutumika. Python haikuwa na kosa lolote. Betri ndogo inayotunza saa, ile ya duara mfano wa sarafu iitwayo CR2032, ilikuwa imekufa. Mtandao wa hosteli yake ulizuia usawazishaji wa saa. Na kompyuta iliamini kwamba tarehe ya siku ile ilikuwa bado wiki mbili mbele.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu wa kuanza chini na kupanda juu: kwanza saa, diski na mtandao, kisha mfumo wa kusakinisha vifurushi (`apt`), kisha njia ambazo mashine hupitia kutafuta programu, na mwisho kabisa lugha yenyewe ya programu. Wengi wetu huanza juu, kwa kuwa ndiko kosa linakojitangaza. Maelezo yanayofuata yanahusu Ubuntu na Debian, ingawa sehemu kubwa yake inafaa pia kwa mifumo mingine ya Linux.

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi ujumbe wote wa kosa katika faili, kwa mfano kwa amri `make 2>&1 | tee kosa.txt` ikiwa mradi wako hujengwa kwa `make`, kisha tafuta kosa la kwanza, si la mwisho. Mstari wa mwisho kwa kawaida hueleza tu kwamba kazi imeshindikana. Mistari thelathini juu yake ndipo penye jina la faili lililokosekana.

Saa

Andika `timedatectl` na utazame mambo mawili: kama saa iliyoonyeshwa ni sahihi, na kama mstari wa "System clock synchronized" unasema "yes". Ukanda wa saa wa Uganda huandikwa Africa/Kampala, nao uko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa. Ukiwa umekosewa, urekebishe kwa `sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala` (`sudo` huiendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi), halafu uwashe usawazishaji kwa `sudo timedatectl set-ntp true`. Iwapo mtandao unaoutumia unauzuia usawazishaji huo, uzime kwa kuandika `false` mahali pa `true`, kisha uiweke saa kwa mkono kwa `sudo timedatectl set-time`, ukifuatisha tarehe na saa ndani ya alama za kunukuu, kuanzia mwaka hadi sekunde.

Kuna hitilafu nyingine ya saa inayowapata wenye Windows na Linux katika kompyuta moja. Windows huiandika saa ya hapa katika kifaa cha saa cha mashine, ilhali Linux hukichukulia kifaa hicho kuwa kina saa ya UTC na hivyo huongeza saa tatu. Ukitoka Windows na kuingia Linux bila intaneti, utajikuta saa tatu hasa mbele ya wenzako. (Tofauti hii isichanganywe na ile ya saa sita iliyopo kati ya saa zetu za Kiswahili na za mashine; nimewahi kumwona mtu akiirekebisha saa iliyokuwa sahihi.) Madhara yake huonekana baadaye, saa ikishasahihishwa: faili ulizoandika wakati ule zinabaki na muhuri wa wakati ujao, na `make`, ambayo huamua cha kujenga upya kwa kulinganisha nyakati za faili, huanza kulalamika "Clock skew detected" na kujenga mambo ovyo. Ndani ya saraka ya mradi, `find . -newermt now -exec touch {} +` huzirudisha faili hizo katika wakati wa sasa.

Diski na mtandao

Ujumbe "No space left on device" una maana tatu, na ni moja tu inayofahamika kwa wengi. `df -h` huonyesha nafasi iliyobaki. Amri `df -i` huonyesha idadi ya faili ambazo diski bado inaweza kuzipokea, idadi ambayo miradi ya JavaScript yenye maelfu ya faili ndogo inaweza kuimaliza huku nafasi ikiwa tele. Na maana ya tatu haihusu diski hata kidogo, bali kikomo cha faili ambazo kerneli, kiini cha mfumo, hukubali kuzifuatilia kwa ajili ya kihariri chako. Kikomo hicho husomwa kwa `cat /proc/sys/fs/inotify/max_user_watches`. Kukiongeza, andika mstari `fs.inotify.max_user_watches=524288` katika faili `/etc/sysctl.d/60-inotify.conf`, kisha uamuru `sudo sysctl --system`. Nafasi yenyewe ikiwa ndiyo imekwisha, anza na `sudo apt clean` na `sudo journalctl --vacuum-size=200M`, kwani hizo hazigusi kazi yako.

Mitandao ya Wi-Fi ya vyuo na hoteli, inayodai uingie kwanza kwa ukurasa wake, humpa `apt` ukurasa huo badala ya orodha ya vifurushi. Dalili yake ni neno "NOSPLIT" katika ujumbe wa kosa. Fungua kivinjari, ingia, kisha urudie `sudo apt update`.

Umeme ukikatika wakati wa usakinishaji, jambo ambalo hatuna haja ya kuelezana, vifurushi hubaki nusu. Amuru `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt --fix-broken install`. Ukiambiwa kwamba kuna kufuli (faili linalozuia programu mbili kusakinisha kwa wakati mmoja), usilifute faili la kufuli kama baadhi ya watu wanavyoshauri. Mara nyingi ni mfumo wenyewe unaojisasisha nyuma ya pazia, na kulivunja kufuli katikati ya kazi hiyo ndiko kunakoharibu kilichokuwa kizima. Ngoja dakika chache.

Programu ipi hasa inayoitikia?

Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Unapoandika `python3` au `node`, Bash, programu inayopokea amri zako kwenye terminali, hupitia saraka zilizoorodheshwa katika PATH, moja baada ya nyingine, na kuchukua ya kwanza inayolingana. Amri `type -a python3` huonyesha zote kwa mpangilio huo, nayo `echo "$PATH" | tr ':' '\n'` huipanga orodha mstari kwa mstari ili jicho lione saraka iliyorudiwa au iliyokwisha kufutwa. Bash pia hukumbuka mahali ilipoikuta programu mara ya mwisho; umesakinisha toleo jipya na bado linaitika la zamani, basi `hash -r` huifutia kumbukumbu hiyo.

Kikulacho ki nguoni mwako: mara nyingi kosa limo katika `.bashrc`, faili la mipangilio ya Bash, uliyoiandika mwenyewe miezi sita iliyopita. Ili kulithibitisha hilo, fungua Bash isiyosoma faili zako:

`env -i HOME="$HOME" PATH=/usr/bin:/bin bash --noprofile --norc`

Programu ikifanya kazi humo na kushindwa nje, mfumo ni mzima na tatizo ni mipangilio yako. Kumbuka vilevile kwamba kihariri kilichofunguliwa kwa kubofya alama yake huenda kisiisome `.bashrc` kabisa, na kwamba kazi za cron, zile zinazojiendesha kwa ratiba, haziisomi. Ndiyo maana jambo hufanya kazi kwenye terminali na kukataa kwingine. Mipangilio ya PATH inayohitajika nje ya terminali pia iwekwe katika `.profile` (ambayo cron haiisomi vilevile), kisha utoke na kuingia upya.

Kwa upande wa Python, Ubuntu 22.04 huja na toleo la 3.10, na 24.04 huja na 3.12. Hivyo ukipandisha mfumo, mazingira pepe ya zamani (saraka ya mradi yenye Python na maktaba zake peke yake) huvunjika, na dawa ni kuyafuta na kuyaunda upya kwa `python3 -m venv .venv`, si kuyaunga viraka. Kuihamisha saraka yake pia huyavunja, kwa sababu njia kamili za faili zimeandikwa ndani yake. Ukikutana na "externally-managed-environment", mfumo unakukataza kuichafua Python yake, na kwa maoni yangu unastahili kusikilizwa: tumia mazingira pepe. Usithubutu kuiondoa Python ya mfumo, maana zana nyingi za Ubuntu huitegemea, nazo zitaondoka pamoja nayo.

Ikiwa uliwahi kusakinisha maktaba za Python kwa `sudo pip` au za JavaScript kwa `sudo npm`, tafuta faili zisizo mali yako kwa `find ~ -xdev ! -user "$USER"`, kisha uzirejeshe kwa `sudo chown -R`, ukitaja saraka husika tu.

Faili la vichwa (lile la `.h` ambalo msimbo wa C huliita) likikosekana wakati wa kujenga, kifurushi chake kwa kawaida huishia na `-dev`: `Python.h` hupatikana kwa kusakinisha `python3-dev`, `openssl/ssl.h` kwa `libssl-dev`. Programu iliyokwisha kujengwa ikikataa kuanza, `ldd` hutaja maktaba isiyopatikana. Yote yakishindikana, `strace -f -e trace=openat` hukuonyesha kila faili ambalo programu ilijaribu kulifungua, pamoja na lile ililolikosa.

Baada ya umeme kukatika, na kabla ya kununua bando jingine

Git, programu inayotunza historia ya msimbo wako, ikisema kwamba faili la kitu fulani ni tupu, nakili kwanza saraka yote ya mradi mahali pengine. Njia ninayoiamini ni kuivuta hazina upya kutoka kwenye seva, kisha kuhamishia humo faili za kazi ulizozibadilisha, bila kuigusa saraka ya `.git` iliyoharibika. Ukitumia Git 2.36 au ya baadaye, `git config --global core.fsync all` huilazimisha kuhakikisha data imefika kwenye diski kabla ya kuendelea, kwa gharama ya mwendo kidogo.

Mnapokuwa darasa zima lenye mfumo mmoja na toleo moja la Python, mmoja apakue kwa `pip download -r requirements.txt -d vifurushi`, mwinakili saraka hiyo kwa flashi, na kila mmoja asakinishe kwa `pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt`. Usakinishaji ukikwama, saraka ya vifurushi bado ipo na unaweza kuurudia hata mara kumi bila kununua data.