Somo: Kuchagua mchezo wa uhusika wa mezani kwa anayeanza, bila kumaliza mshahara

Wakuu, habari za jioni. Tangu watu wajue kwamba kila Jumamosi tunakaa barazani watano na dadu za ludo tukicheza "hadithi", naulizwa mambo yaleyale: tunaanzia wapi, vitabu bei gani, ni lazima kuagiza nje? Leo nayamaliza yote kwa mpigo. Maswali yenu niliyoyapata nimeyajibu huko chini.

Kwa ambaye hajawahi kusikia: mtu mmoja, tumwite msimulizi, anaeleza mahali na hali. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Penye mashaka, dadu inaamua. Hakuna ubao wala bingwa. Uliyekua ukisikia "Paukwa!" na kuitika "Pakawa!" umeshaelewa nusu. Tofauti ni kwamba hapa unaweza kumkatiza bibi ukasema, "Mimi simfuati sungura, narudi kisimani," na bibi itabidi aendelee kutoka hapo.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974, na hadi leo ndio wenye jina kubwa. Jina hilo ndilo linalowavunja watu moyo. Vitabu vyake vya msingi ni vitatu, kila kimoja karibu dola 50, hapo hujagusa usafiri wala ushuru. Mtu anapiga hesabu, anafunga simu, anarudi kwenye bao.

Hatua ya 1: Tafuta msomaji kwanza, mchezo baadaye

Hapa ndipo mimi nilipokosea. Niligundua kwamba kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zipo bure kihalali: hati yake iitwayo SRD 5.1 iliwekwa Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, inayoruhusu yeyote kunakili na kutumia, baada ya wachezaji kuja juu kampuni yenye mchezo ilipotaka kubadili leseni ya zamani. Nikafurahi, nikaipeleka steshenari, kurasa 400 na ushei. Kwa shilingi mia kwa ukurasa ni zaidi ya elfu arobaini. Nikawagawia wenzangu mafungu wakasome. Nani alisoma? Hakuna. Aliyefaidika ni mama wa vitumbua wa jirani, alipata karatasi za kufungia mwezi mzima.

Pesa zile ziliniuma, lakini kilichotuangusha hasa ni kusoma. Kanuni nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, tena cha kitabuni. Katika kundi lenu kuna mtu mmoja, pengine wawili, watakaosoma kwa hiari yao. Huyo ndiye msimulizi. Muulize ana uvumilivu wa kurasa ngapi. Akisema ishirini, mchezo wenu ni wa kurasa ishirini. Wengine watajifunza wakicheza, kwa Kiswahili, kama walivyojifunza karata.

Hatua ya 2: Mnataka hadithi gani?

Haichukui dakika kumi. Mapango na mazimwi? Upelelezi? Safari za anga? Vituko vya kuchekesha? Msichague mfumo, yaani kanuni za mchezo, wa vita kama kundi lenu linapenda umbea na mipango ya harusi.

Hatua ya 3: Chagueni mmoja kati ya hii, yote inapatikana bure

*Lasers & Feelings* wa John Harper. Ukurasa mmoja, basi. Mnasafiri kwenye chombo cha anga. Kila mchezaji anachagua namba moja, kuanzia 2 hadi 5. Jambo la akili na mashine, unatupa dadu ukitaka ije chini ya namba yako. Jambo la moyo, unataka ije juu yake. Ikiangukia namba yako yenyewe, unamuuliza msimulizi swali naye anakujibu ukweli. Sisi tuliutafsiri wenyewe jioni moja tukauita "Mashine na Moyo". Kwa anayeanza kabisa, naupendekeza huu kuliko yote.

*Cairn* wa Yochai Gal. Kijitabu chembamba, misitu ya ajabu na magofu. Mhusika anatengenezwa kwa bahati nasibu katika dakika chache, na anakufa upesi akijifanya shujaa. Ndiyo maana watu wanajifunza kutumia kichwa. Leseni yake inaruhusu kutafsiri na kugawa, mradi umtaje mwandishi na tafsiri yako uiachie wengine kwa masharti yaleyale.

*Ironsworn* wa Shawn Tomkin. Ni kitabu kinene, lakini unaweza kuucheza peke yako, au wawili bila msimulizi. Hilo ni adimu.

*Pathfinder*, toleo la pili, la mwaka 2019. Kanuni zote zimewekwa bure, kwa ruhusa ya wenye mchezo, kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Ni kwa wale wanaopenda hesabu na kuchagua vipaji vya mhusika usiku kucha. Sikushauri uanzie huku, ila kila kundi lina mtu mmoja wa namna hii na akiukuta atanishukuru.

Na Dungeons & Dragons yenyewe? Ichukue hiyo hati ya bure, soma sura za kutengeneza mhusika na za mapigano, acha zilizobaki kwenye simu. Uzuri wake ni kwamba ukikwama, mitandaoni hutakosa wa kukueleza.

Hatua ya 4: Dadu

Mifumo mingi inataka dadu za ajabu: pande 4, 8, 10, 12, 20. Madukani kwetu sijaziona. Zipo programu za simu, ila chaji ikiisha na umeme umekatika, mchezo umekwisha. Sisi tunatumia karata.

Chukua kopa na shupaza, ondoa zenye picha, ree ihesabu moja. Zimebaki karata 20. Shupaza ni 1 hadi 10 kama zilivyo. Kopa ongeza kumi, kwa hiyo ni 11 hadi 20. Changanya, vuta moja, umepata dadu ya pande 20 bila kulipa senti. Rudisha karata na uchanganye tena kila mara, maana bila hivyo mjanja ataanza kuhesabu zilizotoka.

Kwa Ironsworn, tenganisha mafungu hayo mawili. Mchezo unataka dadu moja ya kawaida na mbili za pande 10, basi vuta kopa moja na shupaza moja, na hapa kopa usiiongeze kumi. Dadu yako pamoja na alama za mhusika ikizizidi zote mbili, umefanikiwa. Ikizidi moja, umefanikiwa ila kuna gharama. Isipozidi hata moja, msiba.

Hatua ya 5: Chezeni mara tatu kabla ya kununua chochote

Chapisha karatasi za wahusika tu. Penseli, siyo kalamu, kwa sababu afya ya mhusika inapanda na kushuka. Mkifika mara ya tatu na watu bado wanaulizana "Jumamosi saa ngapi?", hapo ndipo mchangishane.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Mwanza: Mkuu, tupo wawili tu. Inatosha?*

Inatosha, ndugu yangu. Ironsworn mnacheza wawili bila shida. Kwa mingine mmoja asimulie na mwenzake awe na wahusika wawili. Meza tamu kwangu ni wachezaji watatu au wanne na msimulizi. Wakifika saba, mtu anasubiri zamu yake mpaka anasinzia.

*Kutoka Mombasa: Kaka, mama hataki kuona dadu wala karata nyumbani, asema ni kamari. Nifanyeje?*

Usibishane na mama. Sina elimu ya kutoa fatwa, na najua wapo wanaokataza dadu hata pasipo pesa, kwa hiyo la dini muulizeni ustadh wenu. Kwa upande wa mchezo, andika namba kwenye vipande vya karatasi, tia kwenye kikombe, chota. Halafu mkaribishe mama akae asikilize. Hofu hii si ya kwetu peke yetu: miaka ya 1980 huko Marekani wazazi walisema Dungeons & Dragons inawaingiza watoto kwenye ushetani.

*Kutoka Dodoma: Kuna grupu wanagawa vitabu vya kulipia bure. Nijiunge?*

Kwa nini uibe na halali ya bure imejaa? Tena mafaili mengine ya huko yanakuja na virusi. Ukitaka vitabu vyenyewe, subiri mauzo ya punguzo ya nakala za kielektroniki, au mchange watano mnunue kitabu kimoja cha msimulizi.

*Kutoka Nairobi: Tunaweza kucheza kwa WhatsApp? Mmoja wetu yuko Doha, mwingine Eldoret.*

Mnaweza. Msimulizi anatuma sauti fupi asubuhi, kila mtu anajibu akipata nafasi hadi jioni, usiku msimulizi anasema kilichotokea. Mchezo unakwenda polepole, pambano moja linaweza kuchukua wiki, lakini bando haliumii na tofauti ya kazi zenu haisumbui. Chagueni mfumo mwepesi. Na mwekeeni sharti yule mwenye kutuma sauti za dakika sita.

*Kutoka Arusha: Shikamoo. Watoto wangu wana miaka 8 na 11, wataweza?*

Marahaba, dada. Wataweza kukuzidi. Tumia dadu mbili za ludo na kanuni moja tu: jumla ikifika 10 au zaidi, umefanikiwa, 7 hadi 9, umefanikiwa ila kuna tatizo, 6 kushuka chini, mambo yameharibika. Kanuni hii ilienezwa na *Apocalypse World* wa mwaka 2010, mchezo ambao wenyewe ni wa watu wazima, kwa hiyo chukua kanuni, kitabu kiache. Katika michanganyiko 36 ya dadu mbili, 6 tu ndiyo inafika 10, kwa hiyo waongezee alama moja au mbili kwa kile mhusika anachokiweza, wasije wakakata tamaa.

*Kutoka Tanga: Sawa, mchezo tumechagua. Sasa mimi msimulizi siku ya kwanza naanzaje? Naona aibu.*

Usiandike hadithi ndefu. Andika hali moja na swali moja. Mimi nilianza hivi, nakupa uitumie:

Alfajiri. Jahazi limeingia bandarini lenyewe, tanga limejaa upepo. Ndani hakuna mtu. Jikoni moto bado unawaka, na wali haujaiva. Mnafanya nini?