Kirusi kimegoma kutoka na kompyuta haimalizi kuwaka: soma hapa kabla hujapiga Windows upya

Wakuu salaam. Hili swali nimelijibu inbox mpaka basi, wiki hii peke yake watu wanne, kwa hiyo naandika mara moja na atakayeniuliza tena namtumia hapa.

Kama kioo ni cheusi, feni inazunguka na hata logo haiji, au inapiga milio, usisingizie kirusi, mara nyingi hiyo ni RAM au kitu kingine cha ndani, mpelekee fundi. Mimi naongelea ile inayoleta logo halafu inazunguka weee, au unaweka paswedi inakurudisha pale pale.

1. Chomoa flashi zote, kata intaneti.

2. Tafuta kompyuta nyingine nzima, shusha Kaspersky Rescue Disk (antivirusi ya bure inayowaka kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows) na Rufus (programu ya kuiandika kwenye flashi), choma kwenye flashi ya GB 4. Rufus inafuta kila kitu kwenye flashi, angalia jina la diski mara mbili.

3. Chomeka, washa huku unabonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, chagua flashi. Ikikataa, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla ya Windows) uzime Secure Boot (ulinzi unaozuia kuwasha na vitu vya nje) kwa muda. Ila kama diski ina BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data) kwanza uwe na ile namba yake ya tarakimu 48, bila hiyo utajifungia nje mwenyewe.

4. Apdeti, skani diski zote. Ni masaa, endelea na shughuli zako.

5. Hapa ndipo nilipoharibu. Naanza ufundi, nikaletewa laptopu ya mwalimu mmoja, mitihani yake yote imo. Skani ikaleta mafaili zaidi ya 900 yenye kirusi kinaitwa Sality, mimi na haraka zangu nikatiki yote nikabonyeza Delete. Kumbe Sality haikai kwenye faili lake peke yake, inajibandika ndani ya mafaili ya .exe ya programu zako halali, kwa hiyo nilipofuta kirusi nikafuta na Word, nikafuta na programu zake nyingine. Mashine ilibaki safi kabisa, haina kirusi na haina kitu! Mitihani ilipona kwa sababu ilikuwa .doc, ila jina langu pale shuleni ndo likaishia hapo. Kwa hiyo: kopi kwanza nyaraka na picha (USIKOPI .exe hata moja), halafu chagua Disinfect (kutibu faili bila kulifuta). Isiyotibika peleka Quarantine (karantini). Delete iwe ya mwisho kabisa.

6. Ukishasafisha, ukiweka paswedi inasema Welcome halafu inakutoa, usilie. Kirusi kilikuwa kimejiandika kwenye rejista (daftari la mipangilio ya Windows), faili limefutwa jina limebaki. Washa, logo ikitokea zima kwa kushikilia batani, rudia mara tatu, Windows 10 na 11 italeta yenyewe ukurasa wa marekebisho. Troubleshoot, Advanced options, Command Prompt, andika regedit. Bonyeza HKEY_LOCAL_MACHINE, File, Load Hive, fungua Windows\System32\config\SOFTWARE (humo ndani C yako inaweza kuitwa D, usishangae), ipe jina lolote. Ndani ya jina hilo nenda Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon. Shell iwe explorer.exe tu. Userinit iwe C:\Windows\system32\userinit.exe, na huo mkato wa mwisho uwepo. Hapo ni C hata kama umeona D. Unload Hive, ristati.

7. Ikiwaka, skani tena na Defender (antivirusi ya Windows yenyewe).

MASWALI

Chuma Chakavu: Mkuu yangu haiwaki nifanyeje?
Mtoa mada: Aina gani, inaishia wapi, umefika hatua ya ngapi? Umesoma kweli?

Chuma Chakavu: Nimesoma juu juu
Mtoa mada: Basi soma chini chini.

Bwana Steshenari: Si upige Windows tu, nusu saa kazi imeisha
Mtoa mada: Mteja ana programu ya hesabu za duka na CD yake ilishapotea, wewe utampa nyingine? Halafu ukifomati C ukaacha D na .exe zenye Sality, ukibonyeza moja tu umeanza upya.

Dada wa Maktaba: Samahani kaka, kwa nini yangu nikiingia Safe Mode (ile ya kuwasha na vitu vya lazima tu) inaleta kioo cha bluu lakini kawaida inawaka?
Mtoa mada: Swali zuri sana hili. Sality inafuta funguo ya SafeBoot kwenye rejista makusudi, inajua huko ndiko utakakoifuata. Ndiyo maana nimeanza na flashi, kirusi kikiwa kimelala hakina la kufanya. Safisha kwanza, SafeBoot utairudisha baadaye, nitakuelekeza.

Dada wa Maktaba: Asante. Na flashi za wanafunzi zimejaa shotikati tupu, mafaili hayaonekani
Mtoa mada: Yapo, yamefichwa tu. Usibonyeze shotikati yoyote. Fungua CMD (ile Command Prompt), kama flashi ni E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Dada wa Maktaba: Imekubali! Ila imetokea folda moja haina jina
Mtoa mada: Fungua hiyo hiyo, mafaili yao yamo humo.